Maswali ya Wasomaji: Je, Taa Kali ya Nyuma ya Baiskeli Inastahili Bei Yake?

SWALI

Ndugu mjibu maswali, salaam. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi yangu iko Kurasini na makazi yangu ni Mbagala, hapa Dar es Salaam. Nimetimiza miaka miwili nikienda kazini na kurudi kwa baiskeli, siku sita kwa wiki, na safari ya jioni hunichukua kama dakika arobaini na tano, mara nyingi giza likiwa limekwisha kuingia. Taa yangu ya nyuma niliinunua kwa shilingi 6,000. Inatumia betri mbili bapa, zile zinazofanana na sarafu, ambazo hunigharimu shilingi 2,000 kila baada ya wiki tatu hivi. Mwezi uliopita muuza vipuri mmoja wa Kariakoo alinionyesha taa ya kuchaji ya shilingi 75,000, iliyoandikwa lumeni 150, akaniambia kwamba hii yangu ni ya kuchezea watoto. Alikuwa pia na nyingine ya kuchaji ya shilingi 30,000, yenye lumeni 30, ingawa hiyo hakuipigia debe. Mke wangu anasema nichukue ile kubwa kwa kuwa roho haina spea, nami sipingani naye, ila shilingi 75,000 kwetu ni fedha ya unga na mafuta ya kula. Je, mwanga huo wa ziada una faida ya kweli barabarani, au nitakuwa nimenunua maandishi ya kwenye boksi?

Msomaji, Mbagala

JIBU

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuandika bei, muda wa safari na hata gharama ya betri, kwa sababu bila hayo jibu langu lingekuwa la kubahatisha. Ushauri wangu ni kwamba uchukue ile ya shilingi 30,000, hiyo ya zamani usiitupe, na sehemu ya fedha utakazookoa uitumie kwa vitu vidogo ambavyo muuzaji hakukutajia. Mkeo yuko sahihi kabisa kwamba jambo hili ni la uhai, na ndiyo maana sitaki ulipie namba kubwa ukidhani umelipia usalama.

Tuanze na namba hiyo. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka katika taa, uelekee juu, chini, pembeni au nyuma, bila kujali kama kuna mtu anayeuona. Dereva aliye nyuma yako hapokei lumeni zote hizo. Anapokea ule mwanga unaoelekea machoni pake tu, na ukali wa mwanga katika mwelekeo mmoja hupimwa kwa kandela. Lumeni 20 zikitawanywa sawasawa kila upande, kama koroboi inavyomulika chumba kizima, hutoa kandela pungufu ya mbili. Lumeni hizohizo zikikusanywa na lenzi nzuri katika mwali mwembamba zinaweza kufikia kandela mia moja. Ndiyo sababu taa mbili zenye lumeni sawa zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi ukizitazama kwa mbali. Ili upate kipimo cha kulinganisha, sheria ya Uingereza iliporuhusu taa za kuwakawaka kwa baiskeli mwaka 2005 ilidai kwamba taa ya aina hiyo itoe angalau kandela nne, na kandela moja ni takriban mwanga wa mshumaa mmoja. Ukiona boksi limeandika lumeni pekee, ujue limekuambia nusu ya habari.

Jambo la pili ni gumu kidogo, lakini ndilo linaloamua swali lako. Mwanga unaposafiri hutawanyika, na nguvu yake hupungua kwa mraba wa umbali: ukisimama mbali mara mbili unapokea robo ya mwanga, ukisimama mbali mara tatu unapokea sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo, ili taa yako ionekane kutoka umbali ulio mara mbili ya sasa, inabidi iwe kali mara nne, wala si mara mbili. Lumeni 150 ni mara tano ya lumeni 30. Kama lenzi za taa hizo zinafanana, ile ya bei kubwa itaonekana kutoka umbali unaozidi kidogo mara mbili ya ule wa ile ndogo. Hilo si haba, ikiwa umbali wa mwanzo ulikuwa hautoshi. Je, ulikuwa hautoshi?

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji sekunde moja na nusu hivi kutambua alichokiona na kukanyaga breki, na katika muda huo gari limekwisha kula mita 33. Breki zenyewe, juu ya lami kavu na tairi zikiwa nzima, zinadai mita nyingine kama 36. Jumla inakaribia mita 70. Lami ikiwa na maji, au tairi zikiwa zimekwisha, ongeza mpaka mita mia moja na zaidi. Sasa, taa nyekundu iliyotengenezwa vizuri, yenye lumeni 20 au 30, huonekana usiku katika barabara iliyonyooka kutoka mamia kadhaa ya mita. Dereva anayetaka kukuepuka amekwisha kupata muda wa kutosha, na ukimwongezea mita mia tatu za mbele ya hapo humpi kitu atakachokitumia, kwa kuwa katika barabara yako, kabla hajazifikia, kuna kona, kuna daladala mbele yake inayokuziba, na kuna yeye mwenyewe anayetazama kioo cha pembeni.

Hatari kubwa ni kutokuwa na taa kabisa, au kuwa na taa iliyofifia bila mwenyewe kujua. Taa za gari zilizoshushwa mara nyingi hazimfichui mtu aliyevaa nguo nyeusi mpaka awe ndani ya mita 50, pengine pungufu, na hapo dereva wa kilomita 80 kwa saa ameshachelewa. Hatua ya kutoka gizani mpaka kwenye taa ya wastani ni kubwa mno. Ile ya kutoka taa ya wastani mpaka taa kali ni ndogo, na ndiyo inayouzwa kwa bei kubwa.

Ninaamini hivyo pia kwa sababu ya jaribio moja lililofanyika katika mji wa Odense, Denmark, mwaka 2004 na 2005. Watafiti waliwashirikisha waendesha baiskeli 3,845, na karibu nusu yao walifungiwa taa ndogo zinazowashwa na sumaku zilizobanwa kwenye spoki, hivyo taa hizo huwaka kila gurudumu linapozunguka, mchana na usiku, bila swichi na bila betri ya kubadilisha. Baada ya mwaka mmoja, ajali zilizowaumiza waendeshaji wenye taa hizo zilikuwa pungufu kwa asilimia 19 zikilinganishwa na za wenzao wasiokuwa nazo. Hesabu hiyo ilitegemea taarifa zilizotolewa na washiriki wenyewe, kwa hiyo si ya kushikiliwa mpaka tarakimu ya mwisho. Lakini tazama ni taa za namna gani zilizoleta tofauti: vitaa vidogo, ambavyo sifa yao kubwa ilikuwa kwamba havizimiki.

Nami nilijifunza hilo vibaya. Miaka ya nyuma nilikuwa na taa ya betri kama yako, na usiku mmoja nilitoka kazini nikaiwasha, nikaona inawaka, nikapanda baiskeli kwa moyo mkunjufu. Nilipofika nyumbani, mtoto aliyekuja kunifungulia geti akaniuliza, "Baba, mbona nyuma huna taa?" Tuta moja njiani lilikuwa limezitikisa betri zikaachana na kibati kinachopokea umeme wake, na nilikuwa nimeendesha kilomita sijui ngapi nikiwa gizani, huku nikijiamini kama mtu aliye mwangani. Sikulala vizuri usiku ule. Taa ya mbele ikizimika unaiona papo hapo, lakini ya nyuma hukuaga kimya, na mwenye kujua ni yule aliye nyuma yako peke yake.

Sasa hesabu ya fedha, maana ndiyo uliyoiuliza. Betri za shilingi 2,000 kila wiki tatu ni mara kumi na saba kwa mwaka, yaani shilingi 34,000. Kwa miaka miwili ni 68,000, na ukijumlisha bei ya taa yenyewe umekwisha kutoa shilingi 74,000. Taa unayoambiwa ni ya kuchezea watoto imekugharimu sawa na ile kubwa, tena kwa mwanga unaopungua kila siku tangu siku ya kwanza ya betri mpya, kwa sababu betri hizo za sarafu huanza kushuka nguvu mapema na kukuacha na kijicho chekundu kwa wiki nzima kabla hujashawishika kununua nyingine. Kwa hiyo kuhamia taa ya kuchaji ni uamuzi ambao sina shaka nao hata kidogo. Taa ya shilingi 30,000 itakuwa imejilipa kabla ya mwaka kwisha, na betri yake ya ndani, ukiichaji mara moja au mbili kwa wiki, inapaswa kudumu miaka kadhaa kabla hujaona imechoka.

Kati ya hizo mbili za kuchaji, uliza zinawaka saa ngapi kabla ya kuuliza ukali. Safari zako za jioni ni saa nne na nusu kwa wiki. Taa ndogo ya lumeni 150, ikiwashwa kwa ukali wake wa juu, mara nyingi haizidi saa mbili au tatu. Baada ya hapo ama inazima, ama inajishusha yenyewe mpaka kiwango cha chini. Maana yake ni kwamba utakuwa unaichaji kila baada ya siku tatu, na siku utakayosahau, au umeme utakapokatika, ndiyo siku utakayorudi bila taa. Au utaiweka katika kiwango cha chini ili ikae wiki nzima, na hapo utakuwa umelipia lumeni 150 huku ukitembea na 30. Muulize pia muuzaji kama taa ina kitaa kidogo kinachoonyesha kiasi cha chaji kilichobaki, na kama imeandikwa kipimo cha kuzuia maji. IPX4 inavumilia maji ya kurushiwa kutoka kila upande. IPX7 inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa bila kudhurika. Mtu anayeendesha baiskeli Dar es Salaam wakati wa masika anahitaji angalau hiyo ya kwanza. Mimi ningelipa elfu kumi zaidi kwa ajili ya kuzuia maji kabla ya kulipa shilingi mia tano kwa ajili ya lumeni.

Nisikufiche kwamba kuna watu ambao ningewaambia wachukue ile kali. Wa kwanza ni anayeendesha mchana au jioni kabla jua halijazama, kwa sababu taa hushindana na mwanga uliopo, na taa inayong'aa vizuri usiku humezwa kabisa saa kumi jioni. Anayetoka mjini kwa Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, kwa mfano, anaelekea magharibi, na madereva walio nyuma yake wana jua la machweo usoni. Huyo kila kandela ina thamani kwake. Wewe Barabara ya Kilwa inakupeleka kusini, kwa hiyo tatizo hilo hulipati kwa ukali huo. Wa pili ni anayepita barabara kuu nje ya mji, pasipo taa za barabarani wala bega la lami, ambako malori huenda kasi na kumpita kwa karibu. Wa tatu ni anayepita katikati ya msongamano wenye taa nyekundu nyingi, hasa mvua ikinyesha, ambako taa dhaifu hupotea kati ya taa za breki na mabango. Hili la tatu linakugusa kidogo, na ndiyo maana sikuambii ubaki na taa ya zamani peke yake. Hapa mwambao jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza hukamilika ndani ya nusu saa tu. Nusu saa hiyo ndiyo ningekuomba uiogope kuliko usiku wenyewe, kwa kuwa madereva wengi hawajawasha taa zao, na waendesha baiskeli wengi zaidi bado wanaona njia wakadhani nao wanaonekana. Washa taa yako mapema, unapotoka tu karakana.

Shilingi 45,000 zinazobaki usizimalize zote. Nunua kwanza reflekta nyekundu pana, ya duara au ya mstatili, umwambie fundi aifunge kwa skrubu nyuma ya madigadi. Hiyo haina betri, haizimiki, na itakulinda siku taa zote zitakapokuangusha. Kisha nunua mikanda ya reflekta ya kufunga miguuni, ambayo nitaieleza zaidi katika jibu la mwisho hapa chini. Taa yako ya zamani ifunge mahali pengine, iwe ya akiba inayowaka pamoja na mpya, kwa kuwa taa mbili haziharibiki dakika moja.

Mahali pa kufunga taa panastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Wewe ni fundi, na sitashangaa ukiniambia kwamba unabeba mfuko wa vifaa kwenye keria. Taa iliyofungwa kwenye nguzo ya siti hufichwa na mzigo huo, au na ncha ya koti la mvua, na nimeona mara nyingi kreti la mikate au gunia la mkaa likitembea gizani huku taa nzuri ikimulika mgongo wa mzigo. Ifunge kwenye ukingo wa nyuma wa keria au kwenye madigadi, itazame nyuma moja kwa moja, isielekee angani wala kwenye lami. Ukishaifunga, fanya jaribio hili kabla ya kwenda nayo barabarani: usiku, katika njia tulivu, mwombe mtu aishike baiskeli wima ikiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha wewe hesabu hatua mia moja kurudi nyuma, ambazo kwa mtu mzima ni kama mita 70, yaani ule umbali wa kusimamisha gari tuliouona. Geuka, chuchumaa kidogo mpaka macho yako yawe usawa wa dereva wa gari dogo, utazame. Kisha simama wima kama dereva wa lori. Sogea pia pembeni, hatua kumi kushoto na kumi kulia. Mara nyingi utagundua kwamba kuinamisha taa kwa upana wa kidole kunaongeza mwanga kuliko shilingi 45,000. Rudia jaribio kila mwezi, na futa vumbi kwenye lenzi kila unapofuta mnyororo.

SWALI

Naomba kujua kama taa ya nyuma inapaswa kuwaka mfululizo au kuwakawaka. Marafiki zangu wanabishana, na mmoja wetu amefunga tochi nyeupe nyuma kwa sababu anasema inaonekana mbali zaidi.

Msomaji, Morogoro

JIBU

Ndugu msomaji, tuanze na huyo rafiki yako, kwa sababu anajiweka hatarini leo hii. Mwambie aitoe tochi hiyo. Dereva amezoea tangu siku ya kwanza ya kujifunza kwamba cheupe kinamjia na chekundu kinakwenda mbele yake; akiona mwanga mweupe upande wake wa barabara atadhani ni pikipiki inayomjia, atayumba au atasita, na sekunde alizohitaji kukupisha zitakuwa zimekwenda.

Kuhusu kuwakawaka, nchi zenyewe hazikubaliani. Ujerumani inakataza taa ya nyuma ya baiskeli kuwakawaka. Uingereza inaruhusu, mradi iwakewake mara 60 hadi 240 kwa dakika. Kila upande una hoja. Mwanga unaowakawaka hunasa jicho haraka, hasa kukiwa bado na mwanga wa jua au katikati ya taa nyingine zilizotulia, na hula betri kidogo. Lakini gizani, dereva anayekufuata anahitaji kukadiria uko umbali gani na anakukaribia kwa kasi gani, na jicho linafanya kazi hiyo vibaya likiwa linaonyeshwa nukta inayotoweka na kurudi mahali pengine. Kwa hiyo ninapendelea taa inayowaka mfululizo iwe ndiyo kuu usiku, na kama una taa mbili, ile ndogo ndiyo iwakewake. Mchana na wakati wa machweo, iache iwakewake. Epuka ile hali ya kupepesa kwa kasi sana kama taa ya dansi. Inamkera aliye nyuma, na mtu aliyekereka huyageuza macho.

SWALI

Mwanangu anaendesha Phoenix ya marehemu babu yake kwenda masomo ya jioni. Ina dinamo, na taa ya nyuma inawaka ila ni hafifu na huzima akisimama. Je, ning'oe dinamo hiyo nimnunulie taa kali ya kisasa?

Mzazi, Muheza

JIBU

Mzazi mwenzangu, usiing'oe. Dinamo ya chupa inayobanwa kwenye tairi kwa kawaida hutoa volti 6 na wati 3, ambazo hugawanywa wati 2.4 kwa taa ya mbele na wati 0.6 kwa ya nyuma, na kwa balbu za zamani zenye waya hizo wati 0.6 ni mwanga mdogo kweli. Lakini wati hizohizo zikipewa taa ya LED hutoa mwanga wa kutosha kabisa. Mwambie fundi atafute taa ya nyuma ya LED ya volti 6 iliyotengenezwa kwa ajili ya dinamo, na ikiwezekana ile yenye kapasita ndani, ambayo huendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya gurudumu kusimama. Akague pia waya na mahali unapogusana na fremu, kwa maana fremu ndiyo inayorudisha umeme, na kutu kidogo chini ya skrubu hutosha kuififisha taa ambayo haina ubaya wowote.

Kuna jambo moja katika dinamo za zamani ambalo wazazi wetu walilijua vizuri: balbu ya mbele ikiungua, umeme wote hukimbilia ya nyuma na kuiunguza muda mfupi baadaye, kwa hiyo mtoto anaweza kuondoka na taa mbili na kufika bila hata moja. Kwa sababu hiyo, pamoja na dinamo, mfungie taa ndogo ya betri nyuma, ya bei ya chini tu, iwe inawaka anaposimama kwenye njia panda. Taa kali ya gharama kubwa kwa mwanafunzi ina tatizo jingine: lazima aivue kila anapoegesha baiskeli, la sivyo itaibwa, na taa inayovuliwa ni taa inayosahaulika mezani.

SWALI

Mimi ni muuguzi na hutoka zamu usiku kwa baiskeli. Nina kizibao cha reflekta cha rangi ya manjano kama cha bodaboda. Je, bado nahitaji taa ya nyuma ya bei kubwa?

Msomaji, Moshi

JIBU

Dada yangu, taa unaihitaji, ila ya bei kubwa huihitaji, na kizibao chako usikiache. Rangi ile ya manjano inayong'aa hufanya kazi mchana, kwa kuwa inategemea mionzi ya jua. Usiku kinachofanya kazi ni ile mistari ya fedha inayorudisha mwanga wa taa za gari. Watafiti wa Queensland, Australia, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2012: waliwapa madereva magari wayaendeshe usiku katika barabara iliyofungwa, mahali palipowekwa waendesha baiskeli wakipiga pedali, kisha wakahesabu ni mara ngapi madereva waliwatambua. Aliyevaa nyeusi alitambuliwa kwa asilimia 2. Mwenye kizibao cha rangi inayong'aa kisicho na mistari alitambuliwa kwa asilimia 15, mwenye kizibao chenye mistari ya reflekta asilimia 50, na yule aliyeongeza mikanda ya reflekta kwenye vifundo vya miguu na magotini alitambuliwa kwa asilimia 90.

Sababu ni kwamba miguu inapopanda na kushuka, dereva anatambua papo hapo kuwa kilicho mbele yake ni binadamu anayeendesha baiskeli, wakati nukta nyekundu peke yake inaweza kuwa chochote. Mikanda miwili ya vifundoni ndiyo ningekushauri uinunue leo, kabla ya taa yoyote mpya. Hata hivyo reflekta husubiri kumulikwa: gari likitokea kwenye kona, au likiwa na taa moja mbovu, haina mwanga wa kuurudisha, na hapo ni taa yako inayojiwashia yenyewe ndiyo inayokutetea. Ukibeba mkoba mgongoni, kumbuka kwamba umeifunika mistari yote ya kizibao upande wa nyuma. Uvishe mkoba huo kizibao juu yake, au uufunge kwenye keria chini ya usawa wa mgongo, taa ikiwa nyuma yake.